Gede Kwanza, Ufuo Baadaye

Siku hizi safari ya siku moja kwa gari la kukodi, kutoka Mombasa hadi Watamu, Malindi na magofu ya Gede, si ya wageni wa hotelini peke yao. Jamaa wanachanga, wanakodi gari pamoja na dereva, wanatoka alfajiri na kurudi usiku, na katikati yake wanapata kuona miji miwili ya ufuoni pamoja na mji wa kale uliomezwa na msitu. Ni safari nzuri. Lakini mpangilio wake, mara nyingi, huwa kichwa chini miguu juu: asubuhi bahari ya Watamu, adhuhuri samaki kwa wali, alasiri picha kwenye nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi, na Gede hupachikwa palipobaki upenyo, nusu saa hivi, watu wakiwa wamechoka na watoto wakiuliza saa ya kurudi nyumbani. Nashikilia kwamba Gede ndiyo inayostahili kuifungua siku, na ipewe saa mbili kamili, kwa sababu mji huo ndio unaoeleza yote yanayofuata. Anayeanza na Gede huielewa Malindi anapofika, na bahari ya Watamu huitazama akijua iliwafaa nini watu walioishi kando yake. Anayemalizia na Gede huondoka na picha za kuta.

Tuangalie kwanza kilichopo pale. Magofu yako karibu na barabara kuu ya Mombasa na Malindi, kama kilomita 15 kabla ya kuingia Malindi. Mji ulizungushiwa kuta mbili, wa nje na wa ndani, na eneo lake lote ni kama ekari 45. Ndani ya ukuta wa ndani mna msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za matajiri, visima na makaburi ya nguzo. Kaburi moja lina maandishi ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, na tarehe hiyo imewasaidia wanaakiolojia kukadiria umri wa majengo yaliyo jirani. James Kirkman, aliyechimbua mji huo kuanzia 1948 kwa takriban miaka kumi, alikuta vyombo vya kauri kutoka China, shanga za Venice, taa ya chuma, mkasi na vitu vingine vingi vya watu waliojua kuishi. Baadhi ya nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma. Kwenye msikiti mkuu, juu ya mlango mmojawapo, umechongwa mkuki wenye ubapa mpana. Mkuki huo ni mdogo na mtu mwenye haraka anaupita bila kuuona, lakini unabeba habari kubwa: waliojenga msikiti ule waliujenga kwa Uislamu wao na kwa Uafrika wao pamoja, wala hawakuona sababu ya kuficha kimoja ili kionekane kingine.

Sababu ya kwanza ya kuanza na Gede ni hii: mpangilio wa safari huamua historia ya nani itasimuliwa. Wareno walikuwa na makao Malindi kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, hadi nguvu zao zilipohamia Mombasa mwaka 1593. Kutoka Malindi hadi Gede ni mwendo wa miguu wa asubuhi moja. Hata hivyo, mji huo wenye kuta, msikiti na jumba la mtawala hautambuliki kwa jina lake katika maandishi ya Wareno yanayojulikana. Huenda waliujua kwa jina jingine, huenda hawakuwa na shughuli nao, na wataalamu bado wanalijadili jambo hilo. Linalotuhusu sisi ni matokeo yake. Malindi iliandikwa sana na wageni, kwa hiyo anayeanzia Malindi huanza na habari za wageni: meli zao, msalaba wao, safari yao ya kwenda India. Gede haikuandikwa nao, kwa hiyo yote tunayoyajua tumeyapata kwenye kuta, visima, makaburi na vigae. Ukianza huko, unaanza na watu wenyewe: walivyopanga vyumba vyao, walivyoteka maji, walivyozika wafu wao. Wageni watakuja baadaye katika simulizi, kama walivyokuja baadaye katika historia.

Ukitoka Gede na kufika Malindi, mji unabadilika machoni. Watu wengi wanaishia kwenye ile nguzo ya matumbawe yenye msalaba juu, iliyo kwenye rasi inayotazama bahari, na kuambiwa kwamba Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Ni kweli alifika. Lakini aliyetoka Gede akiwa ameona vigae vya kauri ya China anajua kwamba bahari hii ilikuwa na njia zake kabla ya meli za Wareno kuonekana. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China kwa mfalme wa ukoo wa Ming, miaka zaidi ya 80 kabla ya Vasco da Gama. Na huyo Vasco da Gama mwenyewe, alipotaka kuvuka kwenda India, alipewa rubani Malindi, akafika pwani ya Calicut mwezi Mei 1498 kwa elimu ya pepo na nyota ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa nayo tangu zamani. Nguzo haimtaji rubani huyo. Tena ndani ya mji wa Malindi, karibu na msikiti wa Ijumaa, yapo makaburi ya nguzo ya aina ile ile uliyoiona Gede asubuhi. Mgeni asiyepitia Gede huyapita makaburi hayo akidhani ni mabaki ya ukuta. Aliyepitia Gede husimama, kwa sababu ameshayaona mengine ya jamii hiyo.

Watamu nayo inanufaika na mpangilio huo. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ya Malindi, zikiwa miongoni mwa hifadhi za mwanzo za bahari barani Afrika. Watu huingia kwenye boti za vioo kutazama matumbawe na samaki wa rangi, na ni kitu cha kupendeza mno. Lakini matumbawe hayo yana historia pamoja na binadamu. Wajenzi wa miji ya kale ya Waswahili walitumia mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini kwa kuta, wakayachoma mengine kupata chokaa, na kwa kazi nzuri ya mapambo, kama vile ya mihrabu, walikata matumbawe laini baharini na kuyachonga kabla hayajakauka na kuwa magumu. Mtu aliyetupa macho kwenye mihrabu ya Gede asubuhi, akaona mistari ilivyonyooka na kona zilivyokatwa, anapoinama juu ya kioo cha boti saa mbili baadaye anatazama malighafi ya fundi yule. Hapo bahari na magofu vinakuwa somo moja. Ukigeuza mpangilio, bahari inabaki starehe na magofu yanabaki mawe, na kila kimoja kinapoteza nusu ya maana yake.

Sababu ya pili inahusu msimulizi. Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kuhusu Gede kiliutaja katika jina lake kuwa mji wa Waarabu, na kwa miaka mingi hivyo ndivyo watoto wa Pwani walivyofundishwa: kwamba mawe ni ya wageni na makuti ni yetu. Utafiti uliofuata umeivunja dhana hiyo. Wanaakiolojia wameonyesha kwamba miji ya mawe ilikua kutokana na vijiji vya udongo na makuti vya watu wa papa hapa, na kwamba vyungu vingi vilivyotumika ndani yake vilifinyangwa hapa hapa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya Pwani ya Afrika Mashariki. Ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 damu ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, ilichanganyika na ya Asia, hasa Uajemi, hasa upande wa akina baba. Matokeo hayo yanafanana na yale ambayo wazee wa Pwani wamekuwa wakiyasimulia siku zote. Habari nzito kama hizi haziwezi kuelezwa kwa nusu saa ya alasiri na dereva anayetazama saa. Zinahitaji mwongozaji wa pale pale, anayezijua nyumba kwa majina, na zinahitaji wasikilizaji ambao bado wana nguvu ya kuuliza maswali. Msikilizaji wa namna hiyo ni msafiri wa asubuhi.

Sababu ya tatu ni riziki ya wenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni anayepita mbio haponyi mtu. Mapato ya safari ya kukodi huelekea zaidi kwa mwenye gari, hotelini na kwenye mikahawa ya ufuoni. Penye magofu mtu akikaa saa mbili, kiingilio chake kinakwenda Makumbusho ya Taifa ya Kenya, malipo ya mwongozaji yanabaki mkononi mwa kijana wa Gede, na papo hapo kwenye viwanja vya magofu anaukuta mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa zao ng'ambo kupitia mradi huo, hivyo msitu unawalipa ukiwa umesimama. Mbele kidogo, kwenye mikoko ya hori ya Mida, ada anayolipa mgeni kutembea juu ya daraja la mbao husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kando ya msitu. Mambo haya yote yako ndani ya dakika chache za gari kutoka lango la Gede. Aliyefika pale asubuhi ana nafasi ya kuyagusa yote. Aliyefika jua likielekea kuchwa atayaona kwenye mabango tu.

Yapo mapingamizi, na la kwanza lina uzito wa kweli: bahari haina subira. Matumbawe ya Watamu yanaonekana vizuri maji yakipwa, na nahodha wa boti ndiye anayesema saa ya kuondoka. Wenye safari husema ndiyo maana wanaanza na bahari. Tuipime hoja hiyo kwa maji yenyewe. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji katika pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Anayeondoka Mombasa saa kumi na moja alfajiri anaweza kuwa Gede saa mbili, akatoka saa nne, na kufika kwenye boti Watamu maji yakiwa bado chini, kwa kuwa kati ya Gede na ufuo wa Watamu ni kilomita chache tu. Siku za maji mafu, kupwa husogea hadi alasiri, na hapo Gede ya asubuhi haina mshindani. Zitabaki siku chache za katikati ambazo maji yatapwa mapema mno. Siku hizo bahari itangulie, lakini saa mbili za Gede zisiguswe. Hiyo ndiyo faida ya gari la kukodi: msafiri ndiye mwenye saa, tofauti na basi la kundi lenye ratiba iliyochapishwa mjini.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Gari la siku nzima, mafuta, viingilio vya makumbusho na vya hifadhi ya bahari, mwongozaji na chakula, vyote vikijumlishwa ni mzigo kwa familia ya kipato cha kawaida. Silikatai hilo. Lakini kuanza na Gede hakuongezi gharama hata senti, kwani mpangilio haulipiwi. Kinachoongezeka ni malipo ya mwongozaji, ambayo jamaa saba wakigawana yanakuwa madogo. Tena Makumbusho ya Taifa hutoza raia kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje, na watoto chini zaidi. Asiyeweza kukodi gari anaweza kupanda matatu ya Malindi, akateremka Gede na kuingia kwa tuktuk au kwa miguu, kisha akaendelea Watamu kwa gari jingine la abiria. Ikiwa pesa zinatosha kitu kimoja tu kati ya boti na mwongozaji, ushauri wangu ni mwongozaji, maana ufuo wa Watamu ni wa umma na bahari hutazamwa bure.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanaoyapenda magofu kuliko wote. Wanasema tukivuta makundi ya watu kila asubuhi tutayaua magofu hayo. Julai 2024 Gede iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikifuata Mji Mkongwe wa Lamu (2001), misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda (2008) na Ngome ya Yesu (2011), na jina hilo jipya litaleta miguu mingi. Hofu hiyo ni halali. Kuta za matumbawe na chokaa zina adui wa kutosha: mizizi inayopenya kwenye nyufa, mvua na chumvi. Mtoto anayepandishwa juu ya ukuta ili apigwe picha anaongeza adui mwingine. Lakini mharibifu mkubwa ni mgeni asiyeelezwa, na asiyeelezwa zaidi ni yule wa nusu saa. Kundi dogo la watu saba lenye mwongozaji hufuata njia, huambiwa pa kukanyaga na pa kuacha, na huelewa kwamba makaburi yale ni makaburi, yenye heshima yake kama ya wazazi wao. Zaidi ya hayo, wakiingia asubuhi wengine na alasiri wengine, msongamano hupungua.

Wapo pia wanaosema siku moja haitoshi, kwamba afadhali mtu alale Watamu siku tatu au asiende kabisa. Mwenye siku tatu na aende, Mungu amzidishie. Lakini mfanyakazi mwenye Jumapili moja, au mwalimu mwenye darasa na siku moja ya ruhusa, hawezi kuambiwa asubiri utajiri. Siku moja inatosha ikiwa ina kitovu. Inashindwa pale inapokuwa na vituo sita vyenye uzito sawa, kama korongo la Marafa, bustani ya nyoka, masoko na ufuo, kila kimoja dakika 20. Gede, kisha Watamu, kisha Malindi, na kurudi: hivyo ndivyo siku inavyojaa bila kufurika.

Hoja hii haihusu Kaunti ya Kilifi, yenye Gede na Malindi, pekee. Wakazi wa Dar es Salaam wanaokwenda Bagamoyo kwa siku moja hupelekwa kwanza kwenye majengo ya Wajerumani, walioifanya Bagamoyo makao makuu yao hadi 1891, na kwenye misheni ya Wakatoliki iliyofunguliwa mwaka 1868. Kaole, iliyo kama kilomita tano kutoka mjini, yenye mabaki ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo yanayofanana na ya Gede na Malindi, huachiwa mwisho, au huachwa kabisa. Matokeo ni yale yale: Bagamoyo inaonekana kama mji ulioanza na misafara ya watumwa na wakoloni, ilhali watu walikuwa wakiswali na kuzika Kaole miaka mia sita kabla ya bendera ya Ujerumani. Na huko pia, kuanzia Kaole asubuhi hakuongezi nauli.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga na kuuza safari hizi wabadilishe mstari wa kwanza wa ratiba zao. Serikali ya Kaunti ya Kilifi na Makumbusho ya Taifa ziweke bango kubwa la Kiswahili langoni, lenye historia fupi ya mji, na ziwape waongozaji mafunzo mapya yanayotokana na utafiti wa karibuni, ili vitabu vya miaka ya hamsini visiendelee kusimuliwa kana kwamba vimeandikwa juzi. Walimu wa Pwani wawapeleke wanafunzi wakiwa bado na akili ya asubuhi. Nawe msomaji, ukichanga na jamaa zako kwa ajili ya safari hiyo, ulizeni saa ya maji kupwa siku mliyoichagua, mwafikiane na dereva kabla ya kuondoka kwamba mtaanzia Gede, mchukue mwongozaji wa pale na mumlipe haki yake, na mtoto yeyote asipandishwe ukutani.